Sura ya Mwisho Haichomwi

Pao-chu alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa na majalada ya rangi ya waridi.

Wenzake walikuwa na siri za maana. Walikuwa na wapenzi, walikuwa na dhahabu chini ya godoro, walikuwa na ndugu gerezani. Yeye, mjane mwenye duka la ubani na karatasi za kuchomea wafu katika mji wa Lukang, alikuwa anasoma vitabu vya mapenzi. Vile vidogo vya kukodi, vyenye picha ya msichana wa macho makubwa na chozi lililoning'inia shavuni bila kudondoka. Vile wanavyosoma wasichana wa viwandani chini ya blanketi. Mtu mzima akionekana na kimoja mkononi, atachekwa nyumbani, njiani na sokoni.

Na vyote ni kitabu kimoja. Pao-chu alilijua hilo wala hakujidanganya. Mwanzoni mvua inanyesha, kijana wa watu anaanguka barabarani, na msichana maskini aliyevaa nguo nyeupe anamwinamia na mwavuli. Inafuata homa, na msichana anamkanda kwa kitambaa cha maji. Kijana anapona, wanapendana, na hapo ndipo anapotokea mama wa kijana, mwanamke mchungu kama nyongo. "Asiye na kwao haingii nyumba hii!" Msichana anatukanwa, anavumilia. Analeta sinia la chai tamu ya tende nyekundu, maana kwao mkwe hakubaliwi kwa maneno: mama wa kijana akinywa, ndoa ipo; akiiacha ikapoa, hakuna ndoa. Mama haigusi. Msichana anavumilia tena. Karibu na mwisho yule mama anashikwa na ugonjwa, hana wa kumpa hata maji, na nani anakuja kumuuguza? Yule yule. Anamnyanyulia kikombe. Mama anakunywa, analia, anasema nisamehe mkwe wangu. Harusi, fataki, basi.

Kila mara Pao-chu alilia mahali palepale, kwenye kikombe. Yeye aliolewa kwa mshenga. Mumewe alikuwa mtu mwema aliyesema machache na kufa mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, A-Pin, na mama mkwe. Hakuna aliyewahi kumshikia mwavuli. Lakini kila alipofungua ukurasa, yule wa nguo nyeupe alikuwa ni yeye, na duka na magoti yanayouma vilikwenda zao.

Tatizo lilikuwa mama mkwe, Bibi Liao, mwenye pua ya paka na ulimi wa wembe. Bibi huyu alipekua kila kitu. Kabati alipekua, pipa la mchele alipekua. Basi Pao-chu akabuni njia yake. Alinunua kwa Bibi Kang, mwenye duka la kukodisha, vile vitabu vilivyochakaa ambavyo hakuna tena wa kuvikodi. Alivisoma nyuma ya magunia ya ubani. Akimaliza, alichana sura ya mwisho, kuanzia pale kikombe kinaponyanyuliwa, akaificha ndani ya mto wake ili airudie siku akizidiwa na upweke. Kilichobaki alikitupa kwenye pipa la chuma nyuma ya duka, pamoja na karatasi za wafu zilizoharibika, akawasha moto. Ushahidi ukaisha.

Mchana kutwa yeye huyu huyu aliwaonya wateja: "Moto hukipeleka kitu kwa wafu. Ukichoma, taja jina la marehemu wako. Kisicho na jina ni cha mwokotaji." Lakini nani anataja jina akichoma takataka?

Ulikuwa mwezi wa saba, ule ambao wafu hufunguliwa mlango waje kula. Kwa heshima watu hawawaiti mizimu. Wanawaita ndugu zetu wema. Jua lilikuwa linazama. Pao-chu alitoka na kitabu alichokimaliza, akakitia kwenye pipa, akapiga kiberiti. Jalada lilijikunja. Yule msichana wa pichani akawa kahawia pembeni, kisha macho, kisha chozi.

"Dada…"

Pao-chu aligeuka. Ukuta wa jirani, kuvu, ndoo iliyopasuka. Hapakuwa na mtu.

"Dada… kisha ikawaje?"

"Nini?" alijibu.

Akauma ulimi. Mwezi wa saba mtu akiitwa jioni haitikii mpaka aone anayemwita. Hata mtoto mdogo anajua hilo. Alisimama akisikiliza. Moto ulikuwa umeshazimika, nao haukuwa na haja ya kuzimika mapema hivyo. Harufu ikampitia puani, ya tende nyekundu zinazochemka, na chini yake harufu ya jivu lililomwagiwa maji.

Aliingia ndani, akafunga mlango, akajiambia ni binti wa jirani.

Kesho yake dhoruba ikapita pembeni mwa mji na mvua ikashuka kutwa nzima. Jioni A-Pin aliletwa nyumbani na dereva wa lori. Pikipiki ilimteleza karibu na daraja. Mguu ulichubuka, kichwa kilivimba, lakini alikuwa anatabasamu kama mjinga.

"Mama, usinitazame hivyo. Ni mzima."

"Mzima gani huyu mwenye nundu kama embe?"

"Kuna msichana alinisaidia. Alinishikia mwavuli mpaka huyu mzee akaja. Amevaa nguo nyeupe, Mama. Kwenye tope lote lile, nyeupe pe!"

Bibi Liao akacheka mbele ya televisheni yake. "Wenzako wakianguka wanaita mama. Wewe umeita msichana. Umekua, mjukuu wangu."

Dereva hakucheka. Alimvuta Pao-chu mlangoni, akanong'ona. "Mama mwenye nyumba, mimi sikuona msichana. Nimemkuta peke yake barabarani. Lakini mvua yote ile… kichwa chake na kifua chake vilikuwa vikavu."

Usiku huo A-Pin akashikwa na homa.

Daktari alikuja, akapima, akatingisha kichwa. Akachoma sindano, akaenda. Homa haikusikia. Pao-chu alishuka jikoni kuchemsha maji, na aliporudi akakuta kitambaa kilicholoweshwa kipajini mwa mwanawe. Kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Bibi Liao alikuwa chini na televisheni yake. Pao-chu alikiondoa kile kitambaa, na vidole vyake vikabaki na weusi wa jivu.

Mvua, mwavuli, homa, kitambaa.

Akaketi sakafuni. Angeweza kusema neno kwa neno kinachofuata. Hakuna mtu Lukang nzima aliyekijua kitabu hiki kuliko yeye.

"Mwambie asiende," A-Pin alisema akiwa amefumba macho. "Hana pa kwenda. Kwao… hawamruhusu kuingia."

Nyuma yake Bibi Liao alikuwa amepanda ngazi bila kusikika. Kwa mara ya kwanza tangu Pao-chu aolewe, bibi yule aliongea bila wembe ulimini. 

"Msichana asiyeruhusiwa kwao… huyo amekufa hajaolewa. Jina lake haliwekwi kwenye madhabahu ya baba yake. Hana mume wa kumweka kwenye ya kwao. Hakuna wa kumchomea hata soksi. Huyo anaishi kwa kuokota." Akamtazama mkwe wake. "Kuna mtu amemlisha huyu mpaka akazoea. Nani?"

Pao-chu akainamisha uso. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kinamtafuta asiyeficha kitu. Lakini aibu ni kitu cha ajabu. Mwanawe alikuwa anaungua, na yeye bado alishindwa kusema, "Mama, ni mimi, kwa vitabu vya mapenzi."

Asubuhi alikimbilia kwa Bibi Kang, akiwa amevaa kandambili zisizolingana. Aliuliza kama kulikuwa na msichana, zamani, aliyependa vitabu hivi, aliyekufa.

"Walikuwa wengi," alisema Bibi Kang akipangusa rafu. "Wasio na hela walisoma wamesimama palepale ulipo. Kuna mmoja kila akikaribia mwisho baba yake anatokea, anamburuta kwa nywele. Akaugua kifua. Sijui kama ni huyo unayemtaka."

"Jina lake?"

"Shoga, nani alikuwa anawauliza majina?"

Bila jina huwezi kumchomea mtu chochote kikamfika yeye kwa haki yake. Huwezi kumwombea. Huwezi hata kumfukuza. Pao-chu alirudi akitafuta ufumbuzi, na alipofika mlangoni akadhani ameupata. Yule binti alikuwa na miaka na miaka ya hadithi zisizo na mwisho. Anachotaka ni mwisho tu. Apewe, atosheke, aende.

Kutwa A-Pin hakufumbua macho. Giza lilipoanza kuingia Pao-chu aliupasua mto wake kando ya pipa. Sura za mwisho zikamwagika, rundo la kufika magotini, kurasa za njano zenye alama za machozi yake. Akapiga kiberiti. Na kwa mazoea tu, maana msomaji ni msomaji, macho yake yakaangukia ukurasa aliokuwa ameushika.

Mama akanywa. Akalia. Bwana harusi na bibi harusi wakainamia mbingu na ardhi.

Akaokota mwingine. Mama akanywa, harusi. Mwingine, harusi. Wote walikuwa wanaoana. Hapakuwa hata mmoja ambamo msichana anaondoka, kwa sababu Pao-chu hakuwahi kununua kitabu cha namna hiyo.

Na bwana harusi alikuwa yupo ghorofani, anapumua kwa shida.

Kiberiti kikamuunguza kidole.

"Choma, dada."

Sauti ilikuwa ng'ambo ya pipa. Laini. Ya adabu.

"Nimesoma vyote ulivyonipa. Hakuna mwingine aliyewahi kunipa kitu. Nafika pale mama anaumwa, midomo imekauka, na msichana anamnyanyulia kikombe…" Ikasikika kama mtu anayemeza mate. "Basi. Pamechanika. Kisha ikawaje?"

"Kisha…" Pao-chu alibuni papo hapo. "Kisha msichana akaona kwamba mapenzi si kumiliki. Akamwacha kijana. Akaenda zake mbali, akapata amani."

Jivu likasogea ndani ya pipa, na upepo haukuwapo.

"Dada… mimi sijui zinavyokwisha. Lakini hiyo siyo."

"Ndiyo! Naapa kwa mbingu!"

"Siyo."

Hapo akili ya Pao-chu ikamtoka, akabaki na uchungu peke yake. Alipiga magoti kwenye tope. "Mwache mwanangu. Nakuomba. Sina mwingine, ni huyo huyo mmoja. Nichukue mimi. Mwache mwanangu."

"Mwanao?"

Akatokea nyuma ya pipa.

Nguo ilikuwa nyeupe. Nywele ndefu, zimenyooka. Uso haukuwa uso. Ulikuwa ni picha ya jalada, umechorwa, na macho makubwa kupita kiasi, na chozi moja limekaa shavuni halidondoki. Pembeni, kuanzia sikioni hadi kidevuni, ulikuwa kahawia na umejikunja. Labda alishausahau wake, akaazima ule alioletewa.

Alimtazama Pao-chu kwa muda mrefu, kichwa upande, kama mtu anayejaribu kukumbuka amefika ukurasa wa ngapi.

"Kumbe wewe siye dada," akasema.

Akatabasamu.

"Wewe ndiye Mama."

Pao-chu alizoa kurasa kwenye sketi yake, akakimbia ndani. Miaka yote ile alikuwa amevaa nguo nyeupe. Miaka yote ile alimlaani yule mama katili, akamwombea augue, akashangilia alipougua. Sasa kitabu kilikuwa kimefunguliwa, na nafasi aliyopewa ndani yake ilikuwa ile.

Sebuleni Bibi Liao alinusa hewa bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Nani anachemsha tende saa hizi?"

Yule mgeni alikuwa ameshafika. Alisimama juu ya ngazi, mlangoni kwa A-Pin, na sinia mikononi. Kikombe kimoja, mvuke unapanda.

"Mama," akasema, akainama. "Karibu chai."

Ndani, pumzi ya A-Pin ilikuwa inakwaruza… inasimama… inaanza tena. Pao-chu alipanda ngazi moja moja. Alitaka kulia, alitaka kuomba, lakini kuomba alikuwa ameshaomba. Kilichobaki kichwani mwake ni kile kimoja alichokijua kwa ghibu. Katika vitabu vyote vile, kijana hafi kwa homa. Anapona ili mama amkataze.

Akanyoosha mgongo. Akainua kidevu, kama wanavyoinua wao.

"Wewe ni nani?" alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotarajia. "Mtoto wa nani? Kwenu wapi? Msichana asiye na kwao haingii nyumba hii. Beba chai yako uondoke, kabla sijakumwagia!"

Yale macho ya kuchorwa yaling'aa. Alikuwa anafurahi! Alifurahi kama mtu aliyefika sura anayoipenda. Akainamisha kichwa, akashuka ngazi na sinia lake, akapita mbele ya Bibi Liao ambaye hakumwona, akatoka nje, ambako mvua ilikuwa imeanza tena, bila kugeuka. Ndivyo wanavyotoka.

Kabla taa za barabarani hazijawaka A-Pin aliomba uji.

Pao-chu hakuzichoma zile kurasa. Moto unapeleka, maji hayapeleki. Alizitia kwenye beseni, akaziloweka, akazikanda kwa mikono mpaka zikawa ute, akazifukia bandani chini ya magunia. Hakununua tena kitabu. Alipopita dukani kwa Bibi Kang aligeuza uso kama mtu anayepita mlango wa anayemdai.

Lakini kila jioni, jua likizama, kikombe kilikuwa mezani. Kila jioni alisema, "Ondoa," akakiacha kikapoa.

Tena si kikombe tu. Alikuta ua limefagiwa. Alikuta nguo zimekunjwa, pembe kwa pembe, na kwenye ukosi alama ndogo ya jivu. Magoti yalipomuuma aliamka yamepakwa dawa. Bibi Liao alikufa usingizini majira ya baridi, na siku ya maziko watu walisifu jinsi madhabahu ilivyong'arishwa, na Pao-chu hakuwa ameigusa. Mtu angemtukana, angejua la kufanya. Ule upole ndio uliomla. Ilifika jioni nyingine alikuwa karibu kusema ahsante, akajifinya paja mpaka likavilia damu.

Angemwambia nani? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huu hata mzazi mwenzake angedhani ni wazimu.

Ikapita miaka. Mwezi wa saba mmoja A-Pin alikuja nyumbani na Lan-ying.

Lan-ying alikuwa anafungasha biskuti kiwandani. Meno ya mbele yalipishana kidogo, na kicheko chake kilisikika mpaka hekaluni. Alikula bakuli mbili za tambi bila aibu, akaomba mchuzi.

"Mama, huyu mwanao anawaambia watu nalia kwenye sinema za vichekesho. Mwongo! Nalia za mapenzi tu, na wala si zote."

"Mwulize ana nini kwenye mkoba," A-Pin alisema.

"Wewe! Nyamaza!"

Mkoba ulikuwa wazi. Ndani Pao-chu aliona pembe ya jalada la rangi ya waridi. Lan-ying alilisukuma chini haraka, masikio yakamwiva.

Jamani, Pao-chu alimpenda. Alimpenda palepale, kwa moyo wote. Alitaka kumshika mkono na kumwuliza, umefika wapi, mama ameshaugua? Kwa maisha yake yote hakuwahi kuwa na mtu wa kumwuliza hivyo.

Lan-ying aliinuka, akapotelea jikoni. Aliporudi alikuwa na sinia mikononi, amenyooka, uso umemwiva kwa haya. A-Pin naye akasimama. Mambo yao walikuwa wameshayapanga.

"Mama," Lan-ying alisema, akainama. "Karibu chai."

Tende nyekundu.

Na chini yake, jivu lililoloa.

Pao-chu hakunyoosha mkono. "Umeipika wewe?"

"Aa, hapana Mama." Lan-ying alicheka kidogo. "Nimeikuta tayari, ya moto. Nikajua umeniandalia. Nimefurahi sana."

Kwenye kitambaa cheupe cha sinia palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi. Vidole vya Lan-ying vilikuwa safi. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Ila kivuli chake ukutani kilikuwa na nywele ndefu, zimenyooka, na Lan-ying alikuwa na nywele za kukata shingoni.

Chai hii ni ya nani? Nikiinywa, namkubali nani? Pao-chu alijiuliza hayo, halafu likamjia jingine. Katika vile vitabu kuna mwanamke wa pili. Yule anayejiingiza kati ya kijana na msichana wa nguo nyeupe. Huyo huwa anaanguka ngazini. Au gari linakosa mwelekeo, linamgonga. Au darajani.

Alikipiga kikombe. Kikapasukia sakafuni.

"Mama!"

"Nani amekwambia uniite Mama?" Pao-chu alipaza sauti. Maneno yalikuwa pale pale yalipokuwa siku zote, yamepangwa tayari. "Mfungasha biskuti! Umekuja kula tambi au kula nyumba? Hatoki kiwandani mtu akaingia humu. Toka!"

Kicheko cha Lan-ying kilikufa usoni polepole, kwa sababu alidhani kwanza ni mzaha. Hakulia. Alivuta mkoba wake kifuani.

"Mama, unaumwa?" A-Pin aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijawahi kuwa mzima kama leo. Mchukue huyu wako, mwende Taipei, mwende mbali zaidi. Msikanyage tena hapa. Hata nikiugua. Unanisikia? Hata ukiambiwa nakata roho, usije!"

A-Pin alimtazama kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua. Akamshika Lan-ying mkono. Mlangoni akasimama, na alipozungumza hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikuwa nawaambia watu mama yangu ana moyo. Kuanzia leo sina mama."

Pikipiki ikawaka. Pao-chu alikimbia mpaka kizingitini. "Msipite darajani!" alipiga kelele. "A-Pin! Msipite darajani!"

Hakujua kama walisikia. Alisimama ameziba mdomo kwa mikono miwili akifuata ule mlio, mpaka akausikia unakata kona ya kulia, unashika barabara ya juu isiyopita darajani, unafifia. Walikuwa wazima wote wawili, wanakwenda.

Ndipo alipolia.

Alilia mpaka alipotambua kwamba anatetemeka, na si kwa kilio. Ulikuwa mwezi wa joto. Jirani zake walikuwa wamekaa nje wakijipepea. Yeye meno yalikuwa yanagongana. Aliweka kiganja kipajini, akakiondoa haraka.

Alipanda ngazi akishika ukuta, akaanguka kitandani. Nyumba ilikuwa tupu, hata wa kumpa maji hakuna. Midomo ilikuwa imeanza kukauka, na aliijua sura hii. Ilikuwa ni ile aliyokuwa akiikomesha yeye mwenyewe kwa kuchana ukurasa.

Ngazi ikalia. Ya chini. Ya katikati. Ya juu.

Kitambaa kikatua kipajini mwake, baridi, pembe kwa pembe. Ilikuwa ni raha, na raha yenyewe ikamtisha.

"Pole, Mama."

"Nenda…"

"Nikienda, nani atakuuguza? Umewafukuza." Hapakuwa na kejeli katika sauti ile. Kulikuwa na huruma, huruma ya kweli. Mkono ukapita chini ya shingo yake, ukamnyanyua taratibu. Ukingo wa kikombe ukamgusa mdomo, na harufu ya tende ikamjaa puani, tamu, ya moto.

"Kisha ikawaje, Mama?"

Kiu ilikuwa kama kisu kooni. Mahali fulani, kwenye barabara ya juu, mwanawe alikuwa anamchukia, naye alikuwa hai.

Akinywa, ndoa ipo. Pao-chu akafumba mdomo wake.

"Sina haraka," ile sauti ikanong'ona, ikampangusa jasho. "Kunywa utakapoweza."